Msiuambie Ukoo Wetu Kwamba Damu Ndiyo Iliyoua

Jumamosi iliyopita, kwenye matanga ya mjomba wangu huko Katuba, Lubumbashi, daktari mmoja kijana alimwambia binamu yangu asijisumbue kuuliza, kwa kuwa figo mbovu ni ugonjwa wa ukoo wetu: babu alikufa nao, na sasa mjomba. Binamu aliinamisha kichwa kama mtu aliyehukumiwa, na neno lile halijanitoka moyoni.

Mjomba alifanya kazi miaka 26 katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, kama babu kabla yake. Kila jioni mkewe alifua nguo zake za kazi katika beseni lile lile tulilonawia mikono kabla ya kula bukari, na maji aliyoyamwagia mboga za lengalenga yalikuwa meusi, yenye chembe zinazometa juani. Baba na mwana hawakurithishana damu tu. Walirithishana pia kazi, ua wa nyumba na vumbi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba damu ina sehemu yake. Aina mbili za jeni (chembe ya urithi) iitwayo APOL1, zilizotambuliwa mwaka 2010, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa kwa aliyerithi kwa baba na kwa mama pia. Lakini wengi waliorithi hivyo huzeeka na figo zao nzima, mpaka kitu kingine kiwachokoze, kama vile virusi vya Ukimwi. Kwa vumbi la madini ya beriliamu jambo ni wazi zaidi: wenye umbo fulani la jeni ya HLA-DPB1 ndio wanaougua mapafu kwa urahisi, ila asiyewahi kukutana na madini hayo haugui ugonjwa huo hata akiwa na jeni hiyo. Jeni hatuwezi kumvua mtu. Vumbi tunaweza kumwondolea.

Tena vumbi huifikia hata jeni yenyewe: mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, Kongo, ambako watoto wanaoishi kwenye machimbo ya kobalti walionekana kuwa na madhara katika DNA.

Sisemi kwamba kiwanda ndicho kilichomwua mjomba. Nasema kwamba kadimiamu na risasi, metali za vumbi kama lile, huharibu figo, hupimika katika mkojo na damu, na katika miaka yote ile ya kuugua hakuna aliyeagiza apimwe. Binamu ameajiriwa kiwandani pale pale tangu mwaka jana, na beseni bado liko nyuma ya nyumba. Daktari, mpime yeye.