Qiu Chuji mbele ya Genghis Khan: alizuia mauaji au alirudi na msamaha wa kodi?

Mwaka 1222, kule kwenye milima ya Hindu Kush, Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, alimkaribisha Qiu Chuji, mtawa mmoja wa Kichina wa dini ya Utao, mzee wa miaka 70 na ushee, akamuuliza jambo moja tu: umeniletea dawa gani ya kuishi milele? Mzee akajibu kwamba njia za kulinda uhai zipo, ila dawa ya kutokufa haipo. Sasa ebu fikiria, huyu mzee katoka Shandong mashariki kabisa mwa China, kakaa njiani zaidi ya miaka 2, kapita Mongolia mpaka Samarkand, kaitwa kwa ajili hiyo hiyo ya dawa, na mjumbe aliyemleta, Liu Zhonglu, alishampiga Khan kamba kwamba mzee ana miaka 300. Na anayeuliza ndio kwanza katoka kuiteketeza dola ya Khwarazm, dola ya Kiislamu ya Asia ya Kati. Angeweza kutunga chochote pale, mbona wengi tu wametunga. Akasema haipo. Khan wala hakukasirika, alimsifu kwa kusema ukweli na akaamuru apigiwe mahema jirani na lake.

Wanaompenda Qiu wanaanzia hapo, na mimi naanzia hapo hapo, lakini nadhani wanamsifia kitu ambacho sicho.

Alizaliwa 1148 huko Qixia, na akiwa bado kijana akamfuata Wang Chongyang, muasisi wa madhehebu ya Quanzhen ndani ya Utao, mtu wa vituko kweli kweli ambaye alijichimbia kaburi akawa anaishi humo na kuliita kaburi la mfu aliye hai. Wang alifariki 1170. Baada ya kumaliza maombolezo Qiu akaenda kukaa pangoni huko Panxi miaka 6, anaombaomba chakula, anakula mlo mmoja kwa siku, mali yake yote koti la majani la kujikinga na mvua mpaka watu wakampa jina la bwana koti la majani, halafu akaongeza miaka 7 mingine Longmen. Anapigana na njaa, anapigana na usingizi. Hiyo ndio maabara yake.

Nasema maabara kwa sababu mafundisho yao ni alkemia, yaani ule ufundi wa kupika dawa ya kutokufa, ila ya ndani. Zamani Watao wengine walikuwa wanachemsha zebaki na madini mengine wapate kidonge cha kutokufa, na wateja wakubwa walikuwa wafalme, kiasi kwamba kwenye karne ya 9 watawala kadhaa wa nasaba ya Tang wanatajwa kuwa walikufa kwa sumu ya vidonge hivyo hivyo. Watu wa alkemia ya ndani wakasema jiko ni mwili wako mwenyewe: kiini cha uzazi unakitunza kisipotee, kinageuka kuwa pumzi ya uhai, pumzi inageuka kuwa roho, na roho inarudi kwenye utupu. Hapo kuna kazi ya mwili na kuna kazi ya kuijua asili yako, na maneno yanayonasibishwa na Qiu yanasema njia yao ni sehemu 3 za kazi ya mwili na sehemu 7 za asili, yaani kutuliza akili na kupunguza tamaa ndio mzigo mkubwa, hizo mbinu za pumzi ni kidogo tu.

Kwa hiyo lile jibu kwa Khan halikuwa ujasiri peke yake, ndio somo lenyewe. Kitu kinachopikwa ndani ya mtu huwezi kukibeba kwenye kichupa ukampelekea mwingine. Mbele yake alitumia hata ule usemi kwamba kunywa dawa siku 1,000 hakushindi kulala peke yako usiku mmoja, akamshauri ajaribu. Anamwambia hivyo Genghis Khan, mwenye wake na masuria wasiohesabika! Na njiani alishakataa kusafiri msafara mmoja na mabinti waliokuwa wanapelekwa kwa Khan.

Ila ile sifa kubwa, kwamba neno lake moja lilisimamisha mauaji, hapo mimi nasita. Mfalme Qianlong aliiweka kwenye beti alizoandika kwa ajili ya hekalu la Baiyun Guan kule Beijing, lakini huyo ni mtu wa karne ya 18. Historia rasmi ya Yuan, nasaba ya Wamongolia iliyotawala China, inamnukuu Qiu akisema anayetaka kuiunganisha dunia asipende kuua, nayo ilikusanywa 1370. Daftari la safari la mwanafunzi wake Li Zhichang, ambaye alikuwemo kwenye msafara, lina mambo ya kawaida zaidi: ngurumo za radi, heshima kwa wazazi, na siku Khan alipoanguka toka kwenye farasi akiwinda nguruwe mwitu mzee akamwambia umri umeenda, punguza kuwinda. Khan akaacha kuwinda kama miezi 2 hivi. Kuua watu je? Watu wa mji wa Herat walichinjwa mwaka huo huo wa 1222, na dola ya Xia ya Magharibi ilifutwa 1227, mwaka ambao Qiu na Khan wote wawili walifariki.

Upande wa pili una Yelü Chucai, mshauri wa Khan na mfuasi wa Ubudha, ambaye mwanzo walikuwa wanaandikiana mashairi na Qiu vizuri tu, halafu mzee alipokwishafariki akatoa maandishi ya kumshambulia. Anasema Qiu alipoulizwa umri wake alijifanya haujui. Hii naiona ndogo. Kubwa ni kwamba aliomba msamaha wa kodi na kazi za lazima kwa watu wake tu, watawa wa Kibudha wakaachwa nje, na wanafunzi wake wakaanza kuteka mahekalu ya Wabudha na ya Konfusio. Mgogoro wa mahekalu haukuwa uzushi, ulifika mpaka kwenye mdahalo wa 1258 mbele ya Kublai, mjukuu wa Genghis, Watao wakashindwa, 17 wakanyolewa vichwa kama watawa wa Kibudha, na 1281 ikatoka amri ya kuchoma maandiko yao yote isipokuwa Daodejing, kitabu kikuu cha Utao.

Lakini ni haki kumuuliza Yelü pia, maana yeye mwenyewe baadaye alimshawishi Ögedei, mwana na mrithi wa Genghis, asigeuze kaskazini mwa China kuwa malisho, kwa hoja kwamba wakulima wakiwa hai watalipa kodi. Wote wawili waliokoa watu kupitia daftari la kodi. Ile hati ya msamaha wa kodi aliyopewa Qiu 1223, ambayo Yelü anaiona ubinafsi, ndiyo wanafunzi wake waliyoitumia kuwapokea mateka na watumwa wa vita, manake ukishakuwa mtawa wa Quanzhen hakuna wa kukugusa, na historia ya Yuan inataja watu 20,000 mpaka 30,000 walionusurika kwa njia hiyo. Hata kama waandishi wamezidisha, hao wana uzito kwangu kuliko neno moja la kusimamisha mauaji ambalo halikusimamisha.

Shida ni kwamba hati ni ile ile. Iliyofungua mlango kwa mtumwa ndiyo iliyompa mtawa mwenye tamaa jeuri ya kuingia hekalu la jirani, na ukiwapokea maelfu kwa haraka hivyo huwezi kumpeleka kila mmoja pangoni miaka 6 kwanza. Wengi walikuja kutafuta usalama, sio ile kazi ya sehemu 7, na sidhani Qiu alikuwa hajui hilo, alikuwa na miaka karibu 80 na ameshaona njaa ya kila aina. Alipokea hivyo hivyo. Kwa upande huo namuunga mkono, kwa upande wa mahekalu namlaumu, maana alirudi Beijing 1224 na alikuwa na miaka 3 ya kuwakemea watu wake akiwa bado hai.