Usiniombe majibu, njoo tukae tuchore

Jana usiku mdogo wangu wa kazini aliniandikia: "Kaka, habari za saa hizi. Zimebaki wiki sita nifanye mtihani wa leseni ya uhandisi wa umeme. Naomba maswali yote ya nyuma uliyonayo na majibu yake. Nadharia sina muda nayo." Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Umeniuma, maana niliwahi kuuandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na mtihani ule nikafeli.

Tuchukue swali la kawaida kabisa. Transfoma ya fezi tatu, yenye uwezo wa kVA 1,000 (kilovolti-ampea), inatoa volti 400, impidansi yake (yaani inavyozuia mkondo) asilimia 5. Shoti ya fezi zote tatu ikitokea pale pale inapotolea umeme, na gridi nyuma yake tuichukulie ina nguvu isiyo na ukomo, mkondo utakuwa ampea ngapi? Anayeelewa anachora kwanza. Anaandika kwamba volti 400 ni kati ya fezi na fezi, anagawa 1,000,000 kwa 400 mara mzizi wa 3, anapata ampea 1,443 za mzigo kamili. Hizo anazigawa kwa 0.05 na kufika kama 28,900. Mistari minne ya penseli.

Aliyekariri akiusahau ule mzizi, anapata 50,000. Akigawa kwa mzizi huo mara mbili, anapata 16,700. Na namba zote mbili anaweza kuzikuta kwenye machaguo, kwa sababu mtunga mtihani anayajua makosa yetu kuliko tunavyoyajua sisi.

Huyu wa 16,700 ndiye anayeninyima usingizi. Kesho akiwa na leseni mkononi atachagua breka yenye uwezo wa kukata kiloampea 25, akiamini ameacha nafasi ya kutosha. Siku shoti ikija, breka ile itatakiwa ikate mkondo uliozidi uwezo wake. Inaweza kupasuka, na mbele ya paneli kuna fundi amesimama na bisibisi mkononi. Mtihani huu upo kwa ajili ya fundi yule. Sisi tunautazama kama geti la kupandia cheo.

Mimi niliangushwa na shoti za upande mmoja, zile zisizogusa fezi zote tatu kwa usawa. Nilikuwa nimekariri kwamba fezi ikigusa ardhi, saketi zote tatu za mfuatano (chanya, hasi na sifuri, tunazogawia shoti ya namna hiyo ili tuipigie hesabu) zinaungwa moja baada ya nyingine. Siku ile wakauliza fezi mbili kugusana bila ardhi. Nikaiweka saketi ya mfuatano sifuri palepale, kwa mazoea. Sikuwahi kujiuliza mkondo wa sifuri unarudi kwa njia gani kama haujapewa ardhi wala waya wa nyutro. Mhandisi Charles Fortescue alituachia njia hii ya mifuatano mwaka 1918, na mimi nilikuwa nimebeba fomula zake bila kuuliza swali hilo moja.

Haya, nakubali, maswali ya nyuma yana kazi yake: yanakufundisha mwendo. Mtihani wa PE wa Marekani, yaani wa leseni ya uhandisi, kwa mfano, ni maswali 80 kwa saa 8, yaani dakika 6 kwa swali, na mwendo huo haupatikani bila mazoezi ya saa mezani. Lakini hayo ni ya wiki mbili za mwisho. Kozi za bei kubwa, wenye uwezo walipie. Sina ugomvi nazo. Na usiku wa kuamkia mtihani lala, tafadhali.

Nimemjibu asubuhi. Jumamosi aje na karatasi tupu na penseli, tuanze na mishale mitatu ya volti za fezi, iliyoachana nyuzi 120, na hatutagusa swali lolote mpaka anionyeshe mwenyewe mzizi wa 3 unatokea wapi. Akauliza kama aje na kalkuleta. Nimemwambia siku ya kwanza aiache nyumbani.