Ile video ya Bujuku: sikulia, ni upepo

Kwanza kabisa, nyie mliotumiwa ile video na mpishi wetu: mimi sikulia. Ile sauti ni upepo. Ulizeni mtu yeyote wa Kasese, Uganda, kuhusu upepo wa milima ya Rwenzori, liliko Ziwa Bujuku.

Halafu yale maneno aliyoandika chini yake, eti "kiongozi amemezwa na ziwa", yaani mimi mwongoza njia, ni uongo mtupu. Maji yalikuwa kule mbele. Kilichonimeza ni mashapo, yaani tope linaloachwa na maji.

Tulikuwa na wanafunzi wa Dar es Salaam waliokuja kupima tope la maziwa ya huku juu. Kazi yangu ilikuwa njia, na kuwatafsiria kwa wapagazi. Mhadhara hakuna aliyeniomba. Lakini mnanijua, nikiona watu wameshika madaftari ulimi unaniwasha.

Tukafika mwisho wa juu wa Ziwa Bujuku, karibu mita 4,000, nikasimama ukingoni nikaanza. Barafu ikijivuta mlimani inasaga mwamba mpaka unakuwa unga. Maji ya barafu iliyoyeyuka yanaubeba pamoja na mchanga na mawe. Kijito kikiwa na mbio kinabeba vyote. Kikikuta maji yaliyotulia, nguvu zinakwisha. Mawe yanadondoka kwanza, mchanga unafuata, na ule unga mwembamba unaelea hadi katikati ya ziwa ndipo unatua taratibu. Ndiyo maana ziwa huanza kujaa pale mto unapoingia.

"Hii ardhi yote mnayoiona," nikasema, "imeletwa na vijito." Nikapiga hatua kuwaonyesha ardhi yenyewe.

Mguu wa kulia ukaingia hadi kwenye kifundo. Nikatabasamu, nikaendelea. Nikawaambia kule Uswidi maziwa ya kale yaliyolishwa na barafu yaliganda majira ya baridi, kwa hiyo kila mwaka yaliacha tabaka nene la kiangazi na jembamba la baridi, na mtaalamu Gerard De Geer aliyahesabu matabaka hayo akajua miaka.

Goti.

Nikaweka mguu wa pili ili kuunasua wa kwanza. (Ukikuta tope la namna hii, nakusihi, mguu wa pili ubaki nyumbani.) Unga ule ukishiba maji, ukiutikisa unalegea unashuka, ukitulia, unakubana. Tope lilinishika kama mdai aliyenifumania sokoni Mpondwe.

Mapaja. Wapagazi wamenyamaza. Msichana mmoja bado anaandika. Akainua kichwa, kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, sisi wa Ikweta hatuna majira ya baridi. Hapa miaka inahesabiwaje?"

Na mimi, ndugu zangu, nikamjibu! Tope kiunoni, mikono juu, namweleza kwamba hupimwa kaboni ya mimea iliyozikwa humo, na kwamba Mmarekani Daniel Livingstone alishatoa tope la Ziwa Mahoma, hapo chini yetu, akasoma chavua (ule unga wa maua) iliyomo. Jina la Mahoma nilitamka kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nibalehe.

Mpishi akaja mbio. Nikashukuru Mungu. Alikuwa na simu. Kamba aliiacha jikoni.

Mpagazi mmoja mzee ndiye aliyenifokea nilale chali, uzito usambae. Nikalala. Wakanipitisha kamba kwapani, wakavuta. Mabuti yakabaki. Wakavuta tena. Suruali ikaamua kubaki na mabuti. Nikatoka na bukta ya mtumba yenye picha ya Baba Krismasi, mwezi wa saba, mbele ya chuo kizima. Kwenye video mpishi amepasogezea karibu hapo.

Mengine ni mafupi: chai, blanketi, suruali ya kuazima inayoishia magotini, tukashuka, mtandao ukashika, mkaona.

Ila kabla sijanawa, yule msichana alikuja na kijiko na kichupa, akaomba achote lile tope la mapajani kwangu, kwa kuwa limetoka chini kuliko walipofikia wao kwa bomba lao la kuchotea tope. Nikamruhusu. Kwenye lebo akaandika: Bujuku, upande wa juu, kina: kiuno cha kiongozi.