Gari linaumwa alfajiri, sisi tunalipeleka kwa fundi saa sita mchana

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji moja hapa Mtwara mjini, nasubiri kijana anibadilishie taa ya breki, akaingia mtu na Fuso. Hata salamu hajaimaliza: "Fundi, gari langu asubuhi linasumbua kuwaka, halafu linatoa moshi mweupe." Fundi hakuinuka. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Akatafuna, akameza, akasema, "Nozeli hizo." Basi. Nozeli ni vile vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Fuso lenyewe liko nje linaunguruma, la moto, eksozi safi, na saa inasema saa sita na robo mchana.

Nilitaka kumwambia yule mtu arudi ndani ya gari lake akimbie. Nikanyamaza, maana kuna vitu mwanamke akivisema gereji anaambiwa "mama, tulia". Kwa hiyo nayasema hapa.

Mimi nina Canter ya tani tatu na nusu, ya zamani, yenye pampu ya dizeli ya kawaida, si hizi za kompyuta. Msimu wa korosho ukifunguliwa inabeba magunia kutoka vyama vya msingi kwenda maghalani. Msimu ukiisha inabeba chochote kinacholipa: mbao, mihogo, mabati ya mtu anayejenga, na zaidi chumvi ya huku pwani. Dereva ni mtoto wa dada yangu, na kwa kuwa anaishi Newala, gari nalo linalala Newala.

Asiyewahi kulala Newala mwezi wa sita au wa saba asinibishie. Mtwara watu wanalala madirisha wazi, kule juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, mtu anatoka nje asubuhi amejifunga blanketi na ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Ndiko Canter yangu ilikoanza vituko mwaka jana. Nikapigiwa simu saa kumi na mbili na nusu: "Shikamoo mama mdogo. Gari linazunguka tu, haliwaki. Likiwaka linatetemeka kama lina homa, na moshi mweupe hadi kwa jirani."

Jirani mwenyewe anapika vitumbua barazani. Siku ya tatu akaja kulalamika kwamba wateja wanamrudishia vitumbua vinanuka dizeli. Huyu mama, ambaye hajawahi kushika spana, ndiye aliyetoa jibu sahihi la kwanza katika mkasa huu wote, na hakuna aliyemsikiliza, mimi nikiwemo. Vitumbua vinanuka dizeli. Maana yake unaotoka kwenye eksozi si mvuke wa maji, ni dizeli yenyewe imerushwa ndani ya silinda, haikuungua, ikatolewa nje kama ukungu. Moshi wa namna hiyo unawasha macho. Ungekuwa wa maji ya rejeta ungenuka kivingine, kwa wanaotumia kulanti (dawa ya kupoza injini) harufu yake ni kama ya kitu kitamu, na maji yangekuwa yanapungua bila kuvuja chini. Pua peke yake, bila senti tano, ingekuwa imefuta nusu ya orodha.

Lakini sisi tulifanya kama wanavyofanya wote. Mtoto akasubiri gari lipoe hasira, akapakia, akashuka Tandahimba, Nanyamba, Mnivata, akaingia mjini saa sita. Injini ina saa kadhaa barabarani, imepata joto lake lote, inaimba. Akamweleza fundi kwa mdomo. Fundi akasikiliza kwa mdomo vilevile, kama mganga wa kupiga ramli, akasema nozeli. Zote nne. "Za kuchomoa, mama, za Japani, bora kuliko mpya za siku hizi." Nikalipa Sh 480,000 pamoja na kufunga.

Kesho yake asubuhi, Newala: moshi uleule, homa ileile, vitumbua vilevile.

Nikampigia. "Basi ni pampu, mama. Tuishushe tuipeleke Dar." Nikauliza, umejuaje kama ni pampu? Akasema, "Kwa sababu nozeli tumeshabadilisha." Jamani. Huyu mtu hapimi, anafanya kazi ya kutoa. Anatoa kifaa kimoja kimoja kwenye orodha, na kila anachokitoa nakilipia mimi, na injini ya dizeli ina vifaa vingi kuliko pesa zangu.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja Mikindani. Gereji yake ni mwembe na makopo mawili ya kukalia. Nikamwamkia, nikaanza kueleza habari ya nozeli, akanikatisha kwa upole: "Mwanangu, gari hili linalala wapi?"

Newala.

"Linaumwa hapa?"

Hapa haliumwi, mzee. Hata asubuhi, likilala huku pwani linawaka, linakohoa kidogo tu.

"Basi mimi nije kulitazama hapa la nini? Nilipie nauli nikalale huko."

Sijawahi kusikia fundi anasema hivyo. Akapanda nalo siku ileile, akalala kwa dada yangu. Alfajiri akaamka kabla ya wenyeji, akakataza mtu yeyote kugusa swichi mpaka amalize kuswali. Nilikuwepo, nimejifunga khanga mbili na bado meno yanagongana. Akainua kibini, akaweka chupa ya plastiki chini ya chujio la dizeli, akafungua koki ya chini, akakinga kidogo, akaiinua kwenye tochi. Maji yangekuwepo yangekaa chini ya chupa yamejitenga, maana dizeli ni nyepesi kuliko maji. Hayakuwepo. Akabonyeza pampu ya mkono juu ya chujio: mara mbili ikawa ngumu, kwa hiyo usiku dizeli haikurudi tangini na hewa haikuingia. Dakika tatu, sababu mbili zimekufa bila kununua kitu.

Kisha akaweka mita kwenye betri. Zimetulia zinasoma volti 25, mbili hizo. Akamwambia mtoto apige stata, ile mota inayozungusha injini: betrini zikashuka 21, sawa. Akahamisha waya za mita kwenye stata yenyewe, akasema piga tena. Kumi na saba. Volti nne zinapotelea njiani! Akafuata waya wa athi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari, kwa kidole mpaka kwenye chesisi, akakuta pale unapofungwa pamevimba unga mweupe na wa kijani, ukiugusa unapukutika. Akaunusa, akauonja (mimi nisingeonja). Akanitazama: "Unabeba chumvi?"

Tulipowasha, ikawaka kwa taabu ikaanza kutetemeka, naye akachovya vidole kwenye kikombe cha maji akadondosha tone kwenye kila tawi la eksozi pale linapotoka injini. Silinda ya kwanza, tone likatoa "tss" likapotea. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu tone likateremka polepole kama chozi. Ya nne pia. Silinda mbili za mbele zinaunguza, mbili za nyuma zinatema dizeli mbichi kwenye vitumbua vya watu. Akazima, akachukua testa, akafungulia swichi: hita plagi, vile vijiti vya kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, mbili za mbele zina moto, mbili za nyuma hazipati kitu. Ule ukanda wa bati unaoziunganisha ulikuwa umeliwa na kutu katikati, umeshikana kwa uzi. Akazifungua, akazipima mojamoja: ya nne nayo ilikuwa imekufa, tatu nzima.

Hicho ndicho kilichokuwa kinaumwa. Plagi moja, ukanda wa bati, na waya wa athi. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tunakunywa chai.

Na ukifikiri kidogo unaona kwa nini lisingeweza kuonekana mchana. Dizeli haina cheche. Injini yake inabana hewa, hewa inapata joto, dizeli ikipulizwa humo inajiwasha. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua pampu inavyopata moto mkononi, na injini hizi zinabana hewa mara 17 hivi au zaidi. Sasa hewa ikiwa ya baridi ya Newala, chuma cha injini kikiwa barafu, stata ikizunguka kizembe kwa volti 17 hadi hewa inavuja pembeni mwa pistoni na joto linanyonywa na kuta kabla halijatosha, na plagi ya kusaidia haiwaki, ile dizeli itaungulia wapi? Inatoka kama ilivyoingia. Injini ikishapata joto, hayo yote hayana kazi tena. Plagi zife zote nne, stata iwe mgonjwa, barabarani hutajua. Ugonjwa umejificha kwenye dakika tano za kwanza za siku, na fundi wa mjini hajawahi kuziona dakika hizo. Anakutana na gari lililopona.

Ndiyo maana nasema gari la namna hii lilale gereji, au fundi alale kwenye gari. Hakuna njia ya tatu. Ukilipeleka linaunguruma, usishangae ukiuziwa nozeli.

Sasa niseme ambalo sipendi kulisema. Yule kijana wa nozeli hakuniibia peke yake, nilimsaidia. Nilipofika kwake nilimuuliza, "Bei gani?" Sikumuuliza, "Utapimaje?" Na angeniambia nimwachie gari usiku, halafu asubuhi anidai elfu hamsini kwa kutazama tu bila kubadilisha kitu, ningepiga kelele gereji nzima isikie. Tunajua kulipa kitu kinachoshikika. Kifaa tunalipa, kufunga tunalipa, "kutazama" tunaona ni utapeli. Hospitali tunalipia maabara kabla ya dawa, wala hatugombani na mtu. Kwa fundi tunataka dawa kwanza, maabara bure, na iwe haraka kwa sababu mzigo unasubiri. Mtu mwenye watoto anaotakiwa kuwalisha jioni, ukimnyima pesa ya kupima atakuuzia kifaa. Mzee wa Mikindani alinidai nauli, chakula, na Sh 60,000 za kazi, na naungama kwamba moyoni nilisema "sitini kwa ajili ya waya?" Baada ya kuwa nimetoa laki nne na themanini kwa ajili ya hewa!

Wapo watakaoniambia moshi mweupe una sababu nyingine. Unazo. Kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, ikiwa imechoka, hita plagi hazitakuokoa. Taimingi ya pampu, yaani wakati wa kupuliza dizeli, ikichelewa, utaona hivyo. Nozeli kweli huwa zinakufa, zikaanza kudondosha badala ya kupuliza. Sijasema hazifi, nimesema zipimwe kwenye mashine ya kupimia kabla hazijauzwa. Na moshi ukiendelea hata injini ikiwa imepata moto, maji yanapungua, rejeta inatoa mapovu, au oili kwenye kijiti inafanana na chai ya maziwa, hapo usisome makala ya mtu yeyote, zima gari. Hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi (kizibo kati ya injini na kifuniko chake cha juu) au hedi yenyewe imepasuka, na maji yakijaa kwenye silinda ukapiga stata, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda.

Kuna na hawa vijana wa kitambaa. Gari likigoma asubuhi wanachovya kitambaa kwenye petroli wanakiweka kwenye njia ya hewa, "linashtuka lenyewe". Linashtuka kweli. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni bado inapanda, na kugonga kule mnakokushangilia kunaweza kuvunja ringi za pistoni. Gari lenye hita plagi nzima ndilo baya zaidi, maana unapeleka petroli kwenye kaa la moto. Wale wanaokoka kuni chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, sina la kuwaambia, Mungu awalinde na mafuta yanayovuja.

Afadhali hata wanaoegesha mteremkoni. Newala nusu ya magari ya mizigo yamelala yakitazama bonde, asubuhi yanasukumwa. Si matibabu, lakini halidhuru mtu isipokuwa mbuzi.

Canter sasa inawaka mara moja. Mzee aliacha maagizo kwamba kila baada ya kubeba chumvi iogeshwe kwa maji baridi mpaka chini ya chesisi, na viungo vya waya vipakwe grisi. Kopo la grisi liko chini ya kiti cha dereva. Nikilikagua mwisho wa mwezi nalikuta limejaa vilevile, na mtoto wa dada ana maelezo.

Kitu kimoja ndicho kinachonikereketa hadi leo. Nilirudi kwa yule kijana nikamwomba anipe nozeli zangu za zamani, zile alizozitoa, maana kumbe hazikuwa na ubaya wowote. Akakuna kichwa, akatazama chini ya meza, akasema, "Mama, zile zimeshatoka." Zimetoka kwenda wapi? "Kuna mtu wa Tandahimba, gari lake lilikuwa linatoa moshi mweupe asubuhi."