Nyama ya ulimi kwenye pakiti

Baga ilitoka frizani ngumu kama kigae, nyekundu ya kukolea kwa maji ya bitiruti. Niliitupia kikaangoni, ikaanza kutoa mlio na mafuta yakachuruzika pembeni kama inavyotakiwa. Dakika nne upande huu, dakika nne upande ule. Tonge la kwanza lilinishangaza: ladha ya moshi, chumvi ya kutosha, na ule ukinzani wa meno ambao mtu huutegemea kwenye nyama ya kusaga. Kisha simu ikaita. Niliporudi baada ya robo saa, nusu iliyobaki ilikuwa imelegea kama uji ulioanza kuganda.

Niligeuza pakiti nikasoma. Viambato vilikuwa kumi na nane, na katikati yao kulikuwa na methilselulosi, unga unaotokana na nyuzi za mimea uliopitishwa kiwandani. Kitu hiki kina tabia ya ajabu: hukaza kikipata moto na hulegea kikipoa, kinyume kabisa na mafuta ya mnyama. Ndicho kilichokuwa kinaishikilia baga yangu. Hakina sumu, hata maduka ya dawa huuza kitu hichohicho kama tiba ya choo kigumu. Lakini juu ya pakiti, kwa herufi za kijani, palikuwa pameandikwa maneno mawili tu: vegani na asilia.

Wiki tatu nimekula vyakula vya namna hii. Baga, soseji, vipande vya kukaanga vinavyoigiza kuku, jibini, mtindi, maziwa ya lozi, supu za kupasha. Sikuwa na nia ya kuacha nyama moja kwa moja. Nilitaka kujua kama mtu anayeingia nyumbani usiku akiwa hoi anaweza kupata chakula cha dakika kumi kisichotokana na mnyama na kisichomdhuru. Dada yangu, ambaye hajala nyama kwa miaka sita, aliniambia vyakula hivi ndivyo vilivyomvusha mwaka wake wa kwanza. Rafiki yangu mmoja, tabibu, alisema ni takataka iliyovishwa kanzu. Wote wawili nawaheshimu, na nadhani kila mmoja amesema kweli kuhusu kitu tofauti.

Nianze na hayo maneno mawili, kwa sababu ndiyo yanayouza.

Vegani ni neno lenye mipaka. Lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake walioanzisha chama cha Vegan Society, na maana yake haijayumba sana: hakuna nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Kitu ama kina mnyama ama hakina. Asilia ni habari nyingine. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, kwa miaka mingi imelitumia neno hilo kwa maana ya kwamba hakuna kitu cha kutengenezwa kilichoongezwa ambacho mlaji asingekitarajia kwenye chakula hicho. Mwaka 2015 iliwaomba watu maoni, maelfu wakaandika, na kanuni rasmi haikutoka. Kwa hiyo mtengenezaji ana uwanja mpana wa kuchezea. Sukari ya miwa ni asilia. Mafuta ya mawese ni asilia. Chumvi ya bahari ni asilia pia, na moyo wako hautaitofautisha na nyingine.

Tena maneno haya hayaendi pamoja kama pakiti inavyotaka tuamini. Asali ni asilia lakini si vegani. Upande wa pili iko baga ya mimea iitwayo Impossible Burger, iliyoingia sokoni mwaka 2016 kutoka kampuni ya Patrick Brown, aliyekuwa profesa wa baiokemia katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wekundu wake na ladha yake ya damu vinatokana na protini yenye chuma ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye mizizi ya soya. Ili kuipata kwa wingi, kampuni iliingiza jeni ya soya ndani ya hamira na kuiacha hamira ifanye kazi hiyo kwenye matangi. Hakuna mnyama ndani yake, ingawa wapo walaji wa mimea waliokasirika waliposikia kwamba protini hiyo ilijaribiwa kwa panya. Ni ufundi wa hali ya juu, na binafsi sioni ubaya wake. Ila kuuita asilia kungekuwa kumlisha mtu nyama ya ulimi.

Sasa upande wa dada yangu, ambao mara nyingi hupuuzwa na wanaojiona wajuzi wa lishe.

Hoja ya mazingira ni nzito. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha uchambuzi uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,000 katika nchi 119. Walichokuta ni kwamba hata mazao ya mnyama yaliyozalishwa kwa uangalifu mkubwa kwa kawaida huichafua dunia kuliko mbadala wake wa mimea. Hoja ya wanyama wenyewe haihitaji takwimu. Na hata kwa afya, kabla hujaicheka soseji ya soya, itazame soseji ya kawaida. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliiweka nyama ya kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, likikadiria kwamba kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Tahadhari: kuwekwa kundi moja na sigara hakumaanishi hatari zinalingana. Kundi linaeleza uhakika wa ushahidi, halielezi ukubwa wa madhara. Hata hivyo hiyo ndiyo soseji ambayo soseji ya mimea inashindana nayo.

Upo pia utafiti wa Stanford wa mwaka 2020. Watu 36 walikula bidhaa za Beyond Meat, kampuni ya nyama za mimea, kwa wiki nane na nyama halisi kwa wiki nane, mengine yote yakibaki karibu yaleyale. Kipindi cha bidhaa za mimea, kolesteroli yao mbaya ilishuka na uzito ukapungua kidogo. Fedha za utafiti zilitoka Beyond Meat yenyewe, jambo ambalo watafiti walilitangaza waziwazi, na watu 36 si wengi. Siutupi kwa sababu hiyo. Nauweka mezani nikijua nani kalipia meza.

Lakini dada alipozungumzia kuvushwa, hakuwa na hesabu ya kolesteroli kichwani. Alimaanisha Jumanne usiku. Kuacha nyama, kwa mtu aliyekua akiijua nyama ndiyo mlo wenyewe, maana yake ni kujifunza kupika upya, na hakuna anayejifunza kupika upya akiwa na njaa. Pakiti ya soseji inachukua nafasi ileile kwenye sahani, kikaango kilekile, dakika zilezile. Hakuna cha kufikiri. Wanaomwambia mtu wa namna hii achemshe tu dengu huwa wanasahau nani atakayeziloweka asubuhi.

Rafiki yangu tabibu naye ana ya kwake. Silaha yake kubwa ni mgawanyo wa vyakula uitwao NOVA, uliopendekezwa mwaka 2009 na Carlos Monteiro na timu yake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil. Unapanga vyakula makundi manne kwa kiwango cha kusindikwa. La nne ni la vile vilivyosindikwa kupita kiasi, na humo baga yangu ya viambato kumi na nane inakaa benchi moja na soda. Kisha atakutajia jaribio la Kevin Hall wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, lililochapishwa mwaka 2019. Watu 20 walikaa ndani ya hospitali ya utafiti wakipewa wiki mbili za vyakula vya kundi hilo na wiki mbili za vyakula visivyosindikwa sana, kila mmoja akiruhusiwa kula hadi atosheke. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Bado, kwenye vyakula vya kusindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja.

Jaribio hili nalikubali. Ninachokataa ni kulifanya rungu la kupigia kila pakiti. Milo ile haikuwa ya vegani, na utafiti wa Stanford unaonyesha kwamba kitu cha kundi la nne kinaweza kushinda nyama halisi kwenye baadhi ya vipimo vya damu. Kundi la nne ni kapu kubwa mno: mna soda, mna mkate wa ngano nzima wa kiwandani, mna maziwa ya soya yaliyoongezwa kalisi. Anayevilaani vyote kwa pumzi moja hajasoma lebo hata moja.

Ukizisoma, tofauti zinajitokeza mara moja. Jibini ndiyo iliyonivunja moyo. Ile niliyonunua ilikuwa mafuta ya nazi, wanga, maji, chumvi na rangi. Jibini ya maziwa huvutika kwa sababu ya protini iitwayo kesini. Hii haikuwa nayo, kwa hiyo juu ya mkate wa moto ilitoa jasho, ikang'aa, kisha ikabaki palepale kama kipande cha mshumaa. Ladha ingesameheka. Kisichosameheka ni kwamba protini yake ilikuwa sifuri, na mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, kiwango kinachozidi cha siagi. Anayeacha jibini kwa ajili ya moyo wake akahamia hapo amekimbia mvua akaingia mtoni.

Maziwa nayo yana mtego wa kimyakimya. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina protini gramu nane hivi, cha soya hukaribia hapo, cha lozi mara nyingi ni gramu moja tu. Mtu mzima anayetia tone kwenye chai hana cha kuhofia. Mzazi anayempa mtoto mdogo maziwa ya lozi akidhani amebadili ng'ombe kwa mti, huyo ana tatizo. Vitamini B12 nayo haipatikani kwa uhakika kwenye mimea, kwa hiyo anayekula hivi kila siku aitafute kwenye vyakula vilivyoongezewa au kwenye vidonge. Bidhaa nyingine huongezwa, nyingine haziongezwi kwa sababu mtengenezaji anataka orodha fupi inayoonekana safi. Hapo neno asilia linafanya kazi dhidi ya mlaji.

Jambo moja zaidi, na hili si la ladha. Alama ya vegani inaeleza nia ya mapishi. Haimhakikishii mwenye mzio kwamba hata chembe ya maziwa haikuingia kiwandani. Uingereza, mwaka 2017, mwanamke mwenye mzio mkali wa maziwa alifariki baada ya kula mkate wa kukunja wenye mtindi uliouzwa kama usio na maziwa. Uchunguzi ulikuja kubaini kwamba protini ya maziwa ilikuwemo. Mwenye mzio asome onyo la mzio, lile la herufi ndogo nyuma ya pakiti.

Ugomvi wa majina sitaukalia sana. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017 kwamba maneno kama maziwa na jibini, kibiashara, ni ya mazao ya mnyama, huku yakiachwa majina machache ya kimazoea. Wafugaji wanasema mlaji anadanganywa. Sijaona mtu aliyenunua soseji ya soya akidhani imetoka kwa nguruwe, hasa pale ambapo kutokuwa na nguruwe ndiko kunakotangazwa kwa herufi kubwa.

Nikirudi kwa dada na tabibu, naona wanabishana kwa sababu kila mmoja anaweka kitu tofauti upande wa pili wa mizani. Dada analinganisha soseji ya mimea na soseji aliyokuwa akila zamani. Tabibu anailinganisha na sahani ya dengu, mboga za majani na nafaka nzima, ambayo yeye hupikiwa. Pakiti ileile inashinda mashindano ya kwanza na kushindwa ya pili. Swali langu dukani siku hizi limebaki moja: hii inachukua nafasi ya nini? Baga ya njegere iliyochukua nafasi ya baga ya nyama, sina ugomvi nayo, nikiangalia tu chumvi, kwa sababu WHO inashauri tusizidi gramu tano kwa siku na pakiti hizi hula sehemu kubwa ya kiwango hicho. Baga hiyohiyo ikichukua nafasi ya maharage niliyokuwa nikipika mwenyewe, nimelipa zaidi ili nile vibaya zaidi.

Na kuna kundi ambalo wote wawili hulisahau kwa kuwa halina kelele. Supu ya dengu ya kupasha iliyokuwa na viambato saba, vyote ninavyo jikoni. Tofu, ambayo ni soya, maji na kitu cha kugandishia. Njegere za kugandishwa. Maharage ya kopo, ambayo ukiyasuuza chumvi yake inapungua. Hizi ni vegani tangu zilipozaliwa, na ni za dakika kumi vilevile. Nyingi hazikuwa hata na alama ya kijani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Frizani sasa zimebaki supu mbili na pakiti moja ya baga. Jibini niliigawa kwa dada. Amenijibu kwamba naye haipendi, ila ameshaizoea.