Moshi wa Ng'ambo ya Ziwa

Juzi barazani petu, baada ya Isha, kijana mmoja alipitisha simu yake mkono kwa mkono. Video fupi. Ziwa limeganda, jeupe mpaka jicho linapokoma, na ukingoni kibanda kimoja cha magogo kinafuka moshi. Hapana mtu, hapana njia. Sisi huku joto la kaskazi limetukaba, mashati yamegandana na migongo, muuza kahawa mwenyewe yuwajipepea kwa kipande cha boksi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaitazama ile video mara mbili, akatikisa kichwa, akasema: "Hawa wameukimbia utu. Mtu mwenye akili zake haendi kukaa peke yake pahali kama hapa. Huko ukifa, wa kukujua ni nani?"

Wote wakaitikia. Mimi nikaweka kikombe chini nikaondoka bila kuaga. Kwa kuondoka vile, mzee wangu, niwie radhi. Lakini maneno yale siyakubali, na nimelala nayo usiku tatu, kwa hivyo wacha niyaseme hapa.

Wiki ileile, katika ghorofa tunayokaa hapa Tudor, Mombasa, yenye milango 16, Bi Mkubwa wa juu kabisa alianguka bafuni Ijumaa baada ya Magharibi. Nyonga ilivunjika. Alionekana Jumatatu. Si mimi niliyemuona, wala si jirani yeyote. Alikuwa ni muuza maji, kijana wa mkokoteni, ambaye Jumamosi alimpandishia mitungi miwili akaiacha mlangoni kama kawaida yao. Jumatatu akaikuta palepale, imejaa, mifuniko haijaguswa. Akabisha. Akaweka sikio mlangoni. Akasikia kitu kama mtu anayekwaruza ndoo.

Mlango wangu ni wa tatu kutoka wake. Nimehesabu ni mara ngapi nilipita pale siku zile: si chini ya mara 12. Ile mitungi niliiona. Mara moja niliisogeza kwa mguu ili nipite.

Sasa nirudi kwenye baridi.

Dada yangu anafanya kazi ya kutunza wazee kule Ivalo, kaskazini kabisa mwa Ufini, na ameolewa hukohuko. Nilimtembelea kwa siku zangu 90 za viza, kuanzia mwisho wa Novemba, na nyingi ya siku hizo sikuzikalia mjini. Nilizikalia kwa mkwewe, kwenye kibanda kando ya Ziwa Inari. Ni ziwa la tatu kwa ukubwa nchini humo, lina visiwa zaidi ya 3,000, huanza kuganda Novemba na barafu yake huondoka Juni. Jua huaga siku za mwanzo za Desemba na halionekani tena mpaka karibu na wiki ya pili ya Januari. Kiza chenyewe si kizito namna watu wanavyodhani. Ikifika saa nne asubuhi hivi, mbingu hupata rangi ya buluu, kama maji ya Kilindini kabla ya Alfajiri kukucha vizuri, na buluu hiyo hukaa saa chache kisha ikaondoka.

Katika buluu hiyo ndipo mzee, mkwe wa dada, alipokuwa akisimama dirishani kila siku na kikombe chake. Nikadhani anatazama hali ya hewa. Jirani yake wa karibu alikuwa ng'ambo, kama kilomita mbili juu ya barafu, na kwa kuwa kwenye baridi ile hewa hutulia kabisa, moshi wa kibanda chake ulipanda wima kama mlingoti. Mzee akiuona, anakunywa kahawa yake. Kule ng'ambo, nilikuja kuambiwa, na yule mwingine hufanya vivyo hivyo kwa moshi wetu.

Asubuhi moja mwisho wa Desemba, nyuzi 29 chini ya sifuri, alisimama pale muda mrefu. Akasema maneno mawili tu: "Ei savua." Hapana moshi. Kikombe akakiacha nusu. Pikipiki ya theluji ilikataa kuwaka, hakuibembeleza. Akavaa zile mbao za kutelezea miguuni, akachukua mtaimbo, akaondoka. Mimi nikamfuata kwa miguu, nikizama theluji mpaka magotini, kope zikishikana kila nikipepesa macho.

Jirani tulimkuta kitandani na nguo zote mwilini. Mgongo ulikuwa umemkamata usiku, hawezi kuinama kutia kuni. Jiko limezima, ndoo ya maji imeshafanya ganda la barafu juu. Alikuwa na simu, betri imekufa kwa baridi. Kutoka moto wake kuzima hadi mlango wake kufunguliwa hazikupita saa 10. Mzee hakusema neno la pole wala nini. Alipiga magoti mbele ya jiko, akaanza kuchonga kijiti.

Nikielezee kijiti hicho, maana nimekiona kwa karibu na sijakisahau. Ni kipande kikavu cha msonobari, urefu wa kiganja na vidole vyake. Unakiegemeza sakafuni, unateremsha kisu juu yake polepole, na ule unyoya wa mti unajikunja lakini haukatwi. Kisu kinasimama kabla ya mwisho. Halafu unyoya mwingine, na mwingine, mpaka kijiti kimechanua kama ua. Wao wanakiita kiehinen. Kinashika kiberiti mara moja, hata mkono ukiwa unatetemeka. Alichonga vitatu. Kimoja akakitumia. Viwili akaviweka juu ya rafu, na kibiriti kando yake, njiti zimechomoza kidogo nje ya boksi.

Nikamuuliza kwa dada baadaye, kwa nini njiti zilichomozwa. Jibu lilikuwa hili: atakayeingia hapa na vidole vilivyoganda hawezi kusukuma boksi.

Na haya si ya mzee mmoja mwenye roho nzuri. Katika visiwa vya ziwa lile, na katika nyika yote ya kaskazini, kuna vibanda vya wazi, vinatunzwa na idara ya misitu ya serikali, wanaviita autiotupa. Havifungwi kwa kufuli, havilipiwi. Unaingia usiyejulikana na mtu, unalala, unaandika jina lako kwenye daftari na unakoelekea, ili ukipotea watu wajue pa kukutafutia. Asubuhi unafagia, unapasua kuni za yule atakayekuja, unaziweka ndani zikae kavu. Na sheria yao kubwa, ambayo nilimfanya dada anitafsirie mara mbili kwa kuwa sikuamini, ni kwamba mwenye haki zaidi ni aliyefika mwisho. Aliyetangulia ameshapata joto, ameshapumzika. Akija mwingine usiku na nafasi hapana, wa kwanza ndiye anayepisha. Sisi wa pwani tuna methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, tunaitamka kwenye kila harusi. Wale wameigeuza kuwa kuni zilizopasuliwa.

Sasa niambieni ni nani aliyeukimbia utu.

Kijana wa pili pale barazani aliuliza samaki wanaishije chini ya barafu, na nasikitika niliondoka kabla sijamjibu, kwani swali lilikuwa zuri. Maji ni mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, yanapanda juu, na ndiyo yanayoganda. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Kwa hivyo ziwa hufunikwa kama chungu, na chini kabisa samaki anatembea kwenye maji ya nyuzi 4, hali juu yake ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Tulitoboa mashimo mawili, wavu ukapita chini kutoka moja hadi la pili kwa kamba. Ukiuvuta, mwisho mwingine unafungiwa kamba ndefu, ili baada ya kuwatoa samaki uurudishe ulikotoka bila kutoboa upya. Mvuvi wa Likoni angeuelewa mpango huo kwa kuutazama mara moja. Samaki akitua juu ya barafu anapiga mkia mara tatu nne, kisha anakauka kama gogo.

Wanaosema ile ni starehe ya Wazungu wenye pesa, wajue kwamba Wasami wa Inari, wenyeji wa asili wa kule, walikuwa wakivua kwenye ziwa lile kabla ya barabara na kabla ya umeme.

Na wanaosema ni wazimu, hao hawajamuona mtu akitembea na mtaimbo. Wiki zangu za kwanza mzee hakuniruhusu kupita mbele yake. Alikuwa anapiga barafu kila hatua chache na kusikiliza. Barafu safi, ile nyeusi inayoonyesha maji chini, ikifika sentimita 10 inambeba mtu. Gari dogo linataka kama 30. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu ya nyeusi. Na theluji iliyolala juu ni hatari, inafunika ubaya na tena inazuia baridi isishuke, kwa hivyo chini yake barafu inabaki nyembamba kama blanketi limeitunza. Milango ya mito na milangobahari baina ya visiwa haiaminiki msimu mzima, kwa ajili ya mkondo. Sisi tunaosema bamvua na maji mafu hatuna haki ya kumwita mtu huyu mwendawazimu. Ni nahodha, basi, ila bahari yake imesimama.

Shingoni alinivika misumari miwili yenye mipini ya mbao, imeungwa kwa kamba. Ukitumbukia, unaishindilia kwenye barafu kwa kila mkono, unapiga miguu, unajivuta kwa tumbo kurudi ulikotoka, kwa sababu huko ndiko barafu ilikokubeba. Husimami, unabingirika. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amewafundisha watu hesabu rahisi ya maji ya namna ile: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inatii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Watu hufa wakidhani hawana muda, wakapaparika wakaumaliza ule waliokuwa nao.

Usiku ziwa linalia. Baridi ikizidi ghafla barafu inasinyaa na kupasuka, na sauti inakimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili kama radi iliyofungiwa chini ya sakafu. Usiku wa kwanza nilisoma kila aya ninayoijua.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba wale wana helikopta za uokozi, wana pensheni, na moshi wa kutazama ni rahisi pakiwa na vibanda viwili kuliko pakiwa na milango 16. Ni kweli. Dada mwenyewe aliniambia kwamba kwenye miji yao mikubwa wazee hufia ndani ya vyumba wasijulikane, na kwamba kiza kile kimewatia wengi kwenye ulevi. Sibishi. Nasema tu kwamba hayo hayatokei kwa sababu ya ziwa. Ziwa linalazimisha watu watazamane. Aliyekaa kilomita mbili anajulikana moto wake umezima saa ngapi. Na mimi niliyekaa hatua tisa kutoka mlango wa Bi Mkubwa nilisogeza mitungi yake kwa mguu.

Jana nilikwenda kumtazama. Wamemrudisha, yuko kwa bintiye kwa sasa, amelazwa chumba cha mbele, redio imewashwa taratibu. Nilimpelekea machungwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha nikayasema vibaya, akanipungia mkono niyaache. Akaniambia, "Hebu nipe habari za huko kwenye barafu, ulikokwenda kwa nduguyo. Hujapata kunihadithia."

Nikamhadithia. Kuhusu samaki alicheka. Kuhusu moshi akanyamaza, akapunguza redio.

"Na moshi usipoonekana?"

"Wanakwenda, Bi."

"Na ikiwa ni usiku?"

"Usiku hutazama taa. Isipowaka, wanakwenda vilevile."

Akalala kidogo macho yamefumbwa, nikadhani usingizi umemchukua. Kisha akavuta ncha ya leso yake, akaanza kulifungua lile fundo kwa vidole vyake polepole, sikumsaidia. Ndani palikuwa na noti moja ya mia mbili na ufunguo. Noti akairudisha. Ufunguo akaniwekea kiganjani.