Sababu Inayofika Kilomita ya 35

Wengi wanaojiandikisha kwa mbio za masafa marefu huwa na sababu nzuri za kuanza: kupunguza uzito, kutimiza ahadi waliyojiwekea, kupiga picha na medali shingoni. Sina ugomvi na sababu hizo, maana zimewatoa watu wengi kitandani alfajiri. Ninachopinga ni kuzitegemea siku ya mashindano yenyewe. Huishia njiani.

Marathoni ni kilomita 42.195, na nusu yake ya kwanza humdanganya karibu kila mtu. Miguu ni myepesi, watu wanashangilia, unawapita wenzako mmoja mmoja. Kisha, mara nyingi baada ya kilomita ya 30, akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, inapungua sana, na mwili unalazimika kutegemea zaidi mafuta, ambayo hutoa nguvu taratibu. Mapaja yanakuwa mazito. Hesabu ndogo tu ya dakika na kilomita zilizobaki inakushinda. Hapo ndipo swali linapokuja: nafanya nini huku? Medali haina jibu la kutosha, kwa sababu hata anayetembea sehemu iliyobaki akafika kabla barabara haijafunguliwa kwa magari anavishwa medali ileile.

Mwaka 2009 mtafiti wa mazoezi ya mwili Samuele Marcora na wenzake walichapisha utafiti ambao umenikaa sana kichwani. Watu walipewa kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90, kisha wakapandishwa baiskeli ya mazoezi wakanyage mpaka washindwe. Walishindwa mapema kuliko siku waliyokaa tu wakitazama filamu za kawaida, ingawa vipimo vya moyo na mapafu havikuonyesha kwamba mwili ndio uliokwama. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi ugumu wa kazi. Nikiusoma utafiti huo naona kwamba mara nyingi kuacha ni uamuzi, na unafanywa wakati mwili bado una kitu. (Sizungumzii maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti lililoumia. Hayo yakija, simama.)

Basi kama ni uamuzi, tunahitaji sababu inayoweza kutumika palepale, dakika ileile. Kwangu mimi sababu hiyo ni ushindani. Najua wapo wanaoshangaa: unashindana na nani, na mshindi alishafika zamani, ameoga na anahojiwa? Nashindana na saa. Nashindana na yule mwenye fulana ya njano aliye mbele yangu, ambaye nimemfukuzia tangu kituo cha maji kilichopita. Kushindana si mali ya wenye kasi peke yao, na inaniuma kusikia mtu wa katikati ya kundi akisema "mimi nashiriki tu", kana kwamba anaomba radhi kwa kuwepo.

Tazama Comrades, mbio za Afrika Kusini zilizoanza mwaka 1921, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Kikomo chake cha muda ni saa 12. Zinapotimia, ofisa husimama mstarini akiwa amewapa mgongo wakimbiaji ili asione nani anakuja, kisha hufyatua bastola. Aliyebakiza hatua mbili hapati medali. Wako wanaosema huo ni ukatili kwa mtu aliyekimbia mchana kutwa. Mimi naona ni heshima. Ule mlio unamwambia mtu wa mwisho kwamba mbio zake zilikuwa mbio kweli, kwamba kulikuwa na kitu cha kupata na cha kukosa. Dakika zile za mwisho utaona watu wameshikana mabega, mwingine anatambaa, umati mzima umesimama, na mshindi wa siku hiyo hakumbukwi na mtu kwa muda.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, jiwekee shabaha yako katika sentensi moja: muda fulani, au mpinzani fulani wa kiwango chako. Kisha ipeleke kwenye yale mazoezi marefu ya peke yako, asiyekuona mtu, na uiulize pale miguu inapoanza kugoma. Ikikusukuma kilomita tatu zaidi, jiandikishe nayo. Isipokusukuma, tafuta nyingine wakati muda wa mazoezi bado upo.